Nilikasirikia Albamu ya Taylor Kabla Haijafika Nusu

Wacha nianze kwa kukiri, ndio baadaye msiseme nimegeuza stori. Ijumaa ile ya tarehe 3 Oktoba 2025, Taylor Swift aliachilia The Life of a Showgirl saa sita usiku kwa saa za New York, ambayo huku kwetu ni saa moja asubuhi. Kufika saa moja na dakika kumi na nane, nikiwa nimebanwa kwa kiti cha nyuma cha mathree ya Rongai, nilikuwa nimeshaandika posti kwamba albamu imeniangusha. Albamu ina nyimbo 12. Mimi nilikuwa kwa wa tano. Na huo wa tano wenyewe sikuwa nimeumaliza.

Hiyo posti imesomwa na watu wengi kuliko kitu chochote nimewahi kuandika. Siku hiyo moja nilipata wafuasi wengi kuliko miezi mitatu ya nyuma. Watu hata hawanijui walinipongeza kwa ujasiri. Wengine wakaniita msaliti. Sasa zaidi ya wiki mbili zimepita, nimeisikiliza hii albamu mpaka mathe anajua nyimbo tatu bila kutaka, na nafaa kuwaambia maoni yangu ya ukweli. Yamebadilika kidogo. Si yote.

Kwa wale wamefika hapa juzi kupitia ile posti: mimi ni Swiftie wa kitambo. Nilianza na 1989 ilipotoka mwaka wa 2014, nikiwa darasa la tano, juu binamu yangu alikuwa nayo yote kwa flashi na redio yetu ilikuwa na tundu la flashi. Lakini mahali nilimpa Taylor moyo wote ni 2020. Mnakumbuka shule zilifungwa Machi na hakuna mtu alijua zitafunguliwa lini. Nilikuwa kidato cha tatu, kifungua mimba, na mathe alikuwa anatoka asubuhi kutafuta chochote kinapatikana. Kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa mwalimu wa hesabu, mpishi, mfuaji na askari wa mdogo wangu, na tulikuwa na simu moja yenye kioo kimepasuka. Julai 24 folklore ikatoka bila onyo la maana. Nilikuwa naisikiliza usiku nikishamaliza vyombo. Kuna wasichana ndani ya ile albamu walikuwa wamechoka vile mimi nilikuwa nimechoka, na hakuna mtu mwingine alikuwa ananiambia amechoka. Hilo deni siwezi lipa.

Sasa elewa vile nilikuwa nimejipanga. Agosti, Taylor alipoenda kwa podikasti ya Travis Kelce na kaka yake Jason kuongea kuhusu albamu, na orodha ya nyimbo ikatoka, macho yangu yalienda moja kwa moja kwa namba tano. Kama wewe si shabiki, jua hivi: namba tano kwa albamu ya Taylor ndiyo mahali huwa anaweka wimbo wa kuumiza zaidi. All Too Well ilikuwa namba tano kwa Red. my tears ricochet ilikuwa namba tano kwa folklore. Ilianza kama bahati tu, mashabiki wakaiona, na yeye akaanza kuifanya makusudi. Na safari hii namba tano inaitwa Eldest Daughter. Binti mkubwa.

Manze. Niliambia watu wote huo wimbo ni wangu. Taylor mwenyewe ni kifungua mimba, mdogo wake ni Austin, kwa hivyo nikajua anajua. Nikafikiri ataimba ile kitu sisi huwa hatusemi: kwamba ukipata elfu mbili, elfu moja tayari ina jina la mtu. Kwamba simu ikilia mwisho wa mwezi unajua kabla ya kushika. Kwamba ulijifunza kupika ugali ukisimama juu ya mtungi uliopinduliwa, na mpaka leo watu wanaiambia kama stori ya kuchekesha.

Haya, asubuhi ikafika. Nilikuwa naenda tao kushutia mtu mmoja video za duka lake, nimenunua bando makusudi, hedifoni ziko masikioni, na makanga amefungulia arbantone mpaka kioo kinatetemeka. Nikaongeza sauti mpaka simu ikanionya kuhusu afya yangu.

Na enyewe ilianza vizuri. The Fate of Ophelia ni wimbo wa pop umekamilika. Bezi inaingia na shingo inaanza kucheza yenyewe, hata kama umebeba begi la kamera kwa mapaja. Ophelia ni yule msichana wa Hamlet ya Shakespeare anayechanganyikiwa na kufa maji, ndiyo maana kwa jalada la albamu Taylor yuko ndani ya maji na almasi zake. Kwa wimbo huu anaokolewa kabla ya kufika huko. Elizabeth Taylor ikaja, giza kiasi, ngoma nzito. Opalite ikaja, na hapo nilikuwa natabasamu peke yangu kama mtu ametumiwa pesa. Father Figure, yenye imeazima kipande cha wimbo wa George Michael wa 1987, nikaipenda papo hapo. Nyimbo nne, nne zote safi. Tulikuwa tunakaribia Multimedia, jam imeshika, na mimi ninaandaa machozi.

Kisha namba tano. Piano polepole. Nikafumba macho. Na kitu cha kwanza anaimba ni kuhusu intaneti. Ati watu wa mtandaoni ni wagumu, ati kila mtu anajifanya hajali. Na maneno anayotumia ni yale ya mtandao yaliyoisha makali kitambo, yale ukisikia mtu wa miaka 35 akiyasema unaangalia dirisha kwa aibu. Nikangoja. Yakarudi kwa kibwagizo. Nilihisi kama nimemwita shangazi aje tuongee mambo mazito, akaja, akatoa simu, akaanza kunionyesha mimu za 2021.

Nikatoa hedifoni moja, nikafungua programu, nikaandika. Mnajua nilichoandika. Kwamba kifungua mimba wa bilionea ana shida tofauti na zetu, na tuache kujidanganya alikuwa anatuimbia sisi. Makanga hakuwa hata amemaliza kuchukua nauli.

Jioni nilipoangalia, dunia yote ilikuwa imegawanyika vile kikundi chetu cha WhatsApp kimegawanyika. Gazeti la The Guardian la Uingereza liliipa nyota mbili kwa tano. Rolling Stone la Marekani likaipa tano kwa tano. Albamu hiyo hiyo! Kwa kikundi, watu wawili walitoka na mmoja akarudi Jumapili akasema alikuwa ameishiwa bando. Na wiki ya kwanza ilipoisha, Marekani pekee ilikuwa imehesabiwa zaidi ya nakala milioni 4, ukiweka pamoja zilizonunuliwa na kusikilizwa mtandaoni, ikapita rekodi ambayo Adele aliiweka na 25 mwaka wa 2015.

Hapo kwa mauzo nina neno moja halafu niwache. Taylor alisema hii ni albamu ya nyimbo 12, basi, si kama The Tortured Poets Department iliyofika 31. Nikampenda kwa hiyo. Halafu zikaanza kuja santuri za rangi hii na rangi ile, CD zenye matoleo ya gitaa, zingine zinauzwa siku moja tu ndio uogope zisiishe. Mtu wa Rongai hanunui santuri, hata ya kuichezea hana, kwa hivyo hainiumi mfukoni. Lakini naona watoto wa huko wakinunua kitu kimoja mara sita, na sioni ni kwa nini mtu ambaye Eras Tour yake ilipita dola bilioni 2 anahitaji hiyo. (Maonyesho 149, mabara matano, na Afrika hata moja hakuna. Karibu zaidi tumewahi kumpata ni ile video ya Wildest Dreams ya 2015, yenye twiga na simba na karibu hakuna Mwafrika. Sijasahau. Nampenda na sijasahau.)

Sasa turudi kwa muziki. Kuna maelezo moja imeenea sana na mimi mwenyewe nusura niimeze: kwamba Taylor amekuwa na furaha sana, amechumbiwa, amenunua rekodi zake za zamani mwezi Mei, hana tena kitu cha kulilia, kwa hivyo kalamu imekauka. Ati msanii lazima ateseke.

Hii siamini. Na ushahidi wangu ni folklore yenyewe. Wakati anaandika ile albamu alikuwa na mtu wake, wako kwa nyumba, wametulia. Betty, James na yule msichana wa Agosti ni watu wa kutunga. Yule mama tajiri wa the last great american dynasty ni mtu halisi, Rebekah Harkness, aliyewahi kuishi kwa nyumba ambayo Taylor aliinunua baadaye, na alikufa kabla Taylor hajazaliwa. Hizo nyimbo hazikutoka kwa mateso yake. Alikaa chini akaangalia watu wengine kwa muda mrefu, akawaandika. Mtu mwenye furaha ana macho kama yeyote.

Na ukisikiliza Showgirl na hilo kichwani, utaona inagawanyika vizuri kabisa, lakini si pale watu wanagombania. Nyimbo ambazo Taylor anaangalia mtu ni nzuri. Nyimbo ambazo anaangalia simu ni mbovu.

Chukua Ruin the Friendship, namba sita, ambayo ile Ijumaa niliiskia na nusu ya sikio juu nilikuwa nahesabu laiki. Ni kitu kidogo tu. Kijana wa shule ya upili, gari, sherehe za shule, msichana anamtaka na hasemi juu hataki kuharibu urafiki. Imeimbwa kwa utulivu hata unafikiri ni wimbo wa kumbukumbu tamu tu. Halafu miaka inapita, rafiki yake Abigail anapiga simu na habari mbaya, na kabla hujajua uko makaburini na yeye, anamwambia aliyelala pale kitu alichopaswa kusema wakati ule. Hakuna kupaza sauti, hakuna ngoma kubwa. Niliskia mara ya tatu nikiwa naosha sufuria, nikazima maji. Kuna meseji iko kwa simu yangu ya zamani tangu kidato cha nne, haijawahi kutumwa, na mwenye namba hiyo siku hizi ako na mtoto. Yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini nilizima maji.

Father Figure pia. Pale Taylor anavaa viatu vya mtu mwingine, yule mzee wa biashara anayemchukua kijana mwenye kipaji, anamwambia nitakuwa baba yako, na unaskia vile hayo mapenzi ni mkataba. Mtu anayejua historia ya zile rekodi zake, vile ziliuzwa 2019 kwa watu ambao hakuwataka, ataskia zaidi. Lakini hata kama hujui chochote, kila msanii wa hapa Nairobi aliyewahi kusainiwa na prodyusa wa mtaa na kuambiwa "sisi ni familia" ataelewa hiyo sauti. Na kufikia mwisho haujui tena ni nani anaongea, mzee au yule kijana ambaye sasa amekuwa mzee. Hiyo ni kazi ya mwandishi.

Wimbo wa mwisho, ule wenye jina la albamu na Sabrina Carpenter ndani, ni hivyo hivyo: msichana anamngoja nyota wa jukwaa nje ya ukumbi na maua, nyota anamwambia mtoto, hii maisha huijui. Inaisha na kelele za umati. Nzuri sana.

Sasa geuza upande. Actually Romantic, ambayo wengi wanaamini inamjibu Charli xcx juu ya wimbo wake wa 2024, Sympathy Is a Knife. Cancelled!, kuhusu marafiki waliokataliwa na umma. Na ile nusu ya kwanza ya Eldest Daughter. Hizi tatu zote zimeandikwa na mtu ambaye amekaa kitandani saa nane usiku anasoma komenti. Hakuna uso ndani. Kuna "wao". Wao wanasema, wao wanafikiri. Huwezi kumuona mtu yeyote. Na ukikosa kumuona mtu, hata utani haupati pa kukaa. Gitaa ya Actually Romantic ni tamu, mimi naiimba, lakini ukiuliza nini kimetokea ndani ya huo wimbo, ni kwamba mtu alimsema na yeye akaskia.

Lawama ya muziki wenyewe nadhani imezidishwa. Watu waliskia Max Martin na Shellback wamerudi, mara ya kwanza tangu reputation ya 2017, wakangoja Shake It Off nyingine. Na hao ni watu wa Uswidi wenye rekodi si ya mchezo. Max Martin peke yake ana mkono kwa...Baby One More Time ya Britney, kwa I Want It That Way ya Backstreet Boys, mpaka kwa Blinding Lights ya The Weeknd. Sasa ukiweka manyoya na almasi kwa jalada na hao majina mawili nyuma, mtu anajiandaa kwa sarakasi. Halafu anapata albamu imetulia, gitaa laini, bezi ya miaka ya 70, sauti ziko chini. Jack Antonoff na Aaron Dessner hawako kabisa. Mimi hiyo utulivu naipenda. Opalite kila mara inanipeleka kwa kibwagizo kama mtu anateleza kwa sakafu imetoka kupigwa sabuni. Na opalite si jiwe la kuchimbwa, hutengenezwa na watu, kwa hivyo wimbo unasema furaha yako waweza kuitengeneza mwenyewe. Wazo rahisi, limebebwa vizuri.

Kuhusu Wood sitasema mengi. Niliicheza kwa spika Jumamosi tukipanga nyumba, midundo inakumbusha Jackson 5, mathe akaanza kucheza na ufagio. Akaniuliza inaongelea nini. Nikamwambia miti. Akasema ni vizuri vijana waimbe kuhusu mazingira.

Wi$h Li$t wengi wameichapa, ati anataka tu mume na watoto na kuachwa kwa amani. Sasa na si mtu anaruhusiwa kutaka hiyo? Tuendelee.

Tufike kwa mdogo wangu, juu bila yeye nisingeandika hii.

Ako gredi ya tisa, anajiandaa kwa KJSEA, na ile Ijumaa jioni nilimpata mezani na vitabu amevifunga. Posti yangu ilikuwa imemfikia kupitia rafiki yake wa darasa, ambaye hakujua ni mimi. Nilidhani atanisifu. Akaniuliza, "Hiyo namba tano ulimaliza?"

Nikamwambia nilisikia ya kutosha.

"Uliandika saa moja na dakika kumi na nane," akasema. "Wimbo wenyewe ungekuwa unaimba bado." Alikuwa amepiga hesabu. Hesabu nilizomfundisha mimi, kwa ile simu ya kioo kilichopasuka. Akachukua hedifoni yangu moja, akaweka sikioni, nyingine akanipa, akapeleka wimbo mbele.

Huko mbele, Taylor anaacha mambo ya intaneti. Anakumbuka akiwa mdogo, anaruka kwa trampolini uani kwa watu, anacheka, halafu anaanguka anavunjika mkono. Na baada ya hapo anajifunza kuwa mwangalifu na kila kitu. Anaelezea vile binti mkubwa anatangulia kuumia, halafu anavaa ukali kama nguo. Na kisha, mahali ambapo mimi nilikuwa tayari natafuta neno la kuchekesha zaidi ya "bilionea", anageuka kwa wadogo. Anasema nao wamehisi kama walikua peke yao, porini, bila mtu.

Mdogo wangu akasimamisha wimbo. Akasema, bila kuniangalia, "Watu hudhani kitinda mimba analelewa kama yai. Mimi nililelewa na wewe. Na wewe ulikuwa mtoto."

Sikuwa na la kusema. Miaka yote hii nimejiona kama yule aliyetoa, yeye kama yule aliyepokea. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna msichana wa gredi ya nne, 2020, aliyekuwa anaogopa corona, na mtu mzima wa karibu alikuwa na miaka 17 na hasira, na alikuwa anamfokea juu ya sehemu na desimali. Nilikuwa na hasira jameni. Nilikuwa nafikiri haionekani.

Bado nasema nusu ya kwanza ya Eldest Daughter ni dhaifu, na hata mdogo wangu akibisha sibadilishi. Ile sehemu ya trampolini ingeanza wimbo, yale maneno ya mtandao yangetupwa, na tungekuwa na namba tano ya kusimama na All Too Well. Nimekasirika hata zaidi kuliko ile Ijumaa, juu sasa najua wimbo mzuri ulikuwa ndani. Aliufunika na mambo ya komenti.

Na mimi, kwa mathree, nilifanya nini? Mtu aliimba kuhusu mdogo wangu na sikuskia, nilikuwa naangalia simu. Posti ikaenda vizuri na kusema ukweli nilifurahia. Nilifurahia sana. Jumatatu nilikuwa natafuta albamu nyingine ya kuchukia. Niliandika mistari miwili ya kumchapa msanii mmoja wa hapa nyumbani ambaye sijamsikiliza hata nyimbo tatu. Niliifuta, lakini si haraka vile ningependa kuwaambia.

Ile ya kwanza sijaifuta. Nilifikiria, halafu nikaona kuifuta ni kama kusema sikuwahi kuandika, na niliandika. Imebaki pale, na juu yake nitaweka hii. Najua hii haitafika hata robo ya ile. Ni ndefu na haina mtu imemtukana.

Nikipewa nafasi ya kuweka nyota sasa, ningeweka tatu na nusu kwa tano. Ruin the Friendship, Father Figure, Opalite, Ophelia na wimbo wa mwisho zitabaki kwa simu yangu miaka mingi. Actually Romantic nitaiimba kwa karaoke na nitakana. Cancelled! sitaicheza tena.

Jambo la mwisho. Hiyo jioni, baada ya wimbo kuisha, tulianza kukumbuka trampolini yetu. Hatukuwa na trampolini, tulikuwa na kitanda cha mathe. Mimi na miaka 12, yeye mitano, tunaruka mathe akiwa sokoni, mpaka siku moja chaga zikavunjika, tatu kwa mpigo. Nilichapwa peke yangu, juu mimi ndiye mkubwa na nilifaa kujua. Nimebeba hiyo kesi miaka kumi nikijua ni uzito wangu ulivunja.

Mdogo wangu akakohoa kidogo. Akasema mimi nilikuwa nimeshashuka, nimeenda kuchungulia mlango kama mathe anakuja. Yeye ndiye aliruka ya mwisho.

Miaka kumi! Na alingoja Taylor Swift.